Mwaka Tuliomwonea Muhali Golikipa

Mwezi uliopita niliitwa kwenye chakula cha mchana cha wazee wa klabu yetu ya mpira wa magongo, katika ukumbi mmoja wa Kingsbury, London, wenye zulia la buluu na viti vya kukunja. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona nani bado anatembea kwa miguu yake. Tulikula biriani ya kuagiza, mchele umeshapoa, na tulipofika kwenye chai Iqbal wa Mombasa, ambaye siku hizi anasikia kwa sikio moja na hilo moja nalo hulichagulia maneno, akaanza hadithi yake ya kila mwaka: kwamba msimu ule tungekuwa mabingwa lau si refa. Wenzake wakaitikia, ndiyo, refa, yule refa. Mmoja akasema matope. Mwengine akasema baridi. Nikangoja mtu ataje jina la Othman. Hakutaja mtu. Miaka yote hii imepita, Othman mwenyewe tumeshamzika, na bado walikuwa wanamwonea muhali. Nikaweka kikombe chini kwa kishindo, nikachukua koti langu, na wajukuu waliokuja kutuchukua wakaulizana kwa Kiingereza bibi amekasirika nini. Bibi amekasirika tangu katikati ya miaka ya sabini.

Muhali ni kitu cha kwetu pwani, na sijawahi kumweleza Mwingereza akanielewa. Si uwongo, si woga, wala si adabu peke yake. Unalo neno la kweli la kumwambia mtu, unajua kabisa litamfaa, lakini ukimtazama usoni linakukwama kooni kwa haya na huruma, basi unamwambia jengine. Nimelelewa nao na mimi pia ninao, ila wangu ulikuwa mfupi tangu utotoni. Watu wa klabu walikuwa wakisema mdomo wa Zuhura hauna pazia. Walisema hivyo kwa kunitania, lakini walikuwa wakisema hivyo kila nilipokuwa na haki, ndiyo maana utani wenyewe ulinichosha mapema.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi katika ghala moja kule Hayes, napanga mizigo inayotoka kwenye ndege, na jioni na mwisho wa wiki nilikuwa katibu wa klabu. Nilipewa ukatibu kwa kuwa nilijua kupiga taipu, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilicheza magongo shuleni Unguja, winga ya kushoto, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mambo mara mbili. Klabu ilikuwa ya watu wa kwetu waliotawanyika: Waunguja waliotoka baada ya Mapinduzi, watu wa Mombasa na Dar, Masingasinga wa Nairobi, Waislamu, Mabaniani na Wakristo, wote kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo chenye bomba moja la maji ya moto. Uwanjani tulisemeshana Kiswahili ili wapinzani wasijue tunapanga nini. Uwanja wenyewe ulikuwa wa manispaa, umeinama upande mmoja, na kipindi cha pili tulikuwa tukipanda mlima. Lakini msimu ule tulikuwa wazuri. Ilipofika Februari tulikuwa wa pili, pointi moja nyuma ya wa kwanza, na bingwa angepanda daraja na kucheza na klabu kubwa, kwenye viwanja vilivyonyooka. Kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii tulikuwa na jambo la kulitaka kwa pamoja, na ukinikuta ghalani Jumatatu ungejua kwa uso wangu tu kama tumeshinda.

Ligi ilikuwa na sharti lake. Mpaka mwisho wa Februari kila klabu iliruhusiwa kumchukua mchezaji mmoja tu kutoka klabu nyingine. Baada ya hapo mlango unafungwa, na unamaliza msimu na watu ulio nao. Kwa hiyo swali lilikuwa moja, jepesi kulisema: huyo mmoja awe nani?

Mimi jibu nilikuwa nalo, na nililipata kwenye ngazi ya nyumba ya Othman. Othman ndiye aliyekuwa golikipa wetu. Kabla ya Mapinduzi alikuwa golikipa wa timu ya kisiwa chetu, mtu mrefu wa viganja vipana, na sisi wasichana wa shule tulikuwa tukijipenyeza uwanjani kumtazama. London alikuwa kondakta wa basi, akikaa Lewisham na mkewe, Bi Rukia, juu ya duka la viatu. Jumapili moja waliniita nile kwao. Sebule yao ilikuwa ndogo, ina meza iliyogusa kuta mbili, na Bi Rukia alipika wali wa nazi na mchuzi wa papa aliyeletwa na mtu kutoka nyumbani, nao ulinuka mpaka kituo cha treni. Tulipokwisha kula Othman akasema atateremka kununua sigara. Nikamsikia kwenye ngazi, mguu mmoja, kimya, mguu mwengine, kimya. Nikachungulia. Alikuwa anateremka kinyumenyume, ameshikilia reli ya ngazi kwa mikono yote miwili, na paji la uso linamvuja jasho katika nyumba ambayo mimi nilikuwa nimekaa na koti.

Bi Rukia alikuwa anakusanya sahani. "Umemwona mwenyewe," akasema. "Goti limevimba limekuwa kama dafu. Inspekta kazini keshamwambia, asipoweza kupanda ghorofa ya juu ya basi kukata tiketi, watamwondoa. Na Jumamosi anakwenda kulala matopeni." Othman aliporudi nikamuuliza waziwazi, kama ninavyouliza kila kitu: "Kaka Othman, goti lako likoje?" Akawasha sigara, akacheka. "Halina neno, Zuhura. Baridi tu hii." Bi Rukia akaingia jikoni na kufungua bomba la maji kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kikao cha kamati kilikuwa nyumbani kwa Mzee Haidari, mwenyekiti wetu, nyuma ya duka lake la vyakula Kingsbury. Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba nilivyolala. Magunia ya mchele wa basmati yalipangwa ukutani mpaka dirishani, hita ya mafuta ya taa ilikohoa katikati, sofa lilifunikwa plastiki iliyokuwa ikikung'ang'ania ukisimama, na kila kitu, hata karatasi zangu, kilinuka bizari. Mkewe alileta bajia na chatne ya nazi, kisha mkate wa kumimina, kisha chai ya maziwa, na haikuwa adabu kuanza mazungumzo kabla sahani ya kwanza haijarudi tupu. Tulikuwa watatu wa kuamua: Mzee Haidari, mimi, na Harbans, nahodha wetu, Singasinga wa Nairobi aliyekuwa fundi wa magari kule Hayes.

"Haya," akasema Mzee Haidari akijifuta vidole. "Nafasi moja. Mimi naona katikati pametoboka. Tutafute hafu wa kati, mtu wa kutuliza mpira."

"Sikizeni, mimi sina maneno mingi," akasema Harbans. "Shida yetu ni kona fupi. Kila Jumamosi tunapewa kona fupi, mpira unatoka nje, watu wanacheka. Mchukueni Iqbal, yule wa Mombasa, anachezea timu ya benki na benchi inamchosha. Yule akipiga, kipa haoni mpira. Anausikia tu ukigonga ubao ndani ya goli." Kona fupi ni ile adhabu inayopigwa karibu na goli huku mabeki wamebanwa kwenye mstari, na timu yenye mpigaji mzuri hujipatia magoli humo bila jasho. Harbans hakukosea. Mzee Haidari naye hakukosea. Wakabishana vizuri sana, kwa mifano, kwa kupanga vikombe kwenye sinia, hafu hapa, winga pale, na mimi nikawaacha mpaka chai ikapoa.

"Na goli?" nikauliza.

Hita ikakohoa. Harbans akachukua bajia ambayo nilijua haitaki.

"Mimi nasimama nyuma ya goli kila Jumamosi," nikasema. "Mpira wowote wa chini, wa kulia kwake, unaingia. Hawezi kuutupa ule mguu. Mkifunga mawili tunafungwa mawili, na nyinyi mnapanga vikombe. Yuko Felix, yule mwanafunzi kutoka Kisumu. Golikipa wa akiba katika timu ya chuo chake, hachezeshwi. Nimezungumza naye, yuko tayari kuja kesho. Na Othman apumzike kabla hajapoteza mguu na kazi."

Mzee Haidari alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionipandisha hasira. "Mwanangu, unajua Othman alikuwa nani?"

"Namjua tangu nimevaa sare ya shule."

"Basi unajua. Yule mtu nyumba yake imekwenda. Jina lake limekwenda. Hapa abiria wanamwita kwa kupiga kengele. Amebakiwa na kitu kimoja chake duniani, lile goli. Sasa mimi nimwite hapa, nimlishe mkate wa kumimina, nimwambie na hilo lete?"

"Mwambie goti lake linaumwa. Analijua, halitakuwa jambo geni kwake."

"Ataona tumemchoka. Muhali, Zuhura. Muhali mkubwa."

Nikamgeukia Harbans. Alikuwa anaangalia sahani. "Zuhura anasema kweli," akasema polepole. "Lakini mimi siwezi. Siku nilifika Heathrow na sanduku moja, ni Othman alikuja kunichukua. Nililala kwake miezi. Nitamwambiaje?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Wewe?" Mzee Haidari safari hii hakuwa mpole. "Mtoto wa kike ukamtoe golini mtu mzima? Itakuwa fedheha juu ya fedheha. Kama ni kuambiwa ataambiwa na mwenyekiti, na mwenyekiti anasema haambiwi. Tukimpata Iqbal, tukafunga matatu, wakitufunga mawili kuna neno gani?"

Hiyo ndiyo hesabu iliyopitishwa. Nimekaa na watu wenye akili maisha yangu yote, na mara nyingi nimeona wakizitumia akili zao hivyo, kujenga ngazi ndefu ya kulizunguka neno moja fupi. Harbans alikuwa anajua magongo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Mzee Haidari alikuwa ameendesha biashara katika nchi mbili. Na wote wawili waliona ni rahisi zaidi kumtafuta mtu wa kufunga goli la tatu kila Jumamosi, matopeni, dhidi ya vijana wa watu, kuliko kumwambia rafiki yao akae chini. Wala siwezi kusema walikuwa hawampendi. Walimpenda mno, na mpaka leo nikikumbuka upendo ule nasaga meno.

Tulikuwa bado tumenuna pale pale mlango wa duka ukalia, akaingia Othman mwenyewe, ametoka zamu, na sare yake ya basi na kofia mkononi. Akaketi juu ya gunia la mchele kwa sababu lilikuwa juu kuliko sofa, akaunyoosha mguu. Mke wa Mzee Haidari akamletea sahani yake, iliyokuwa imefunikwa tangu mwanzo. "Ehe, wakubwa," akasema. "Mmekubaliana nani?"

"Iqbal," akajibu Mzee Haidari haraka. "Fowadi. Kwa ajili ya kona fupi."

Othman akatafuna, akameza. "Iqbal," akasema. "Vizuri. Mpigaji mzuri yule."

Nikafungua mdomo.

"Zuhura," akasema Mzee Haidari, "chai, mwanangu. Othman hana chai."

Nikaenda jikoni, nikalibamiza birika kwenye jiko hata mke wa Mzee akaniuliza limenikosea nini.

Iqbal alikuja, na sitamnyima haki yake, alikuwa mpigaji kweli. Machi yote alipiga kona fupi mbao zikalia, magazeti ya mtaani yakatuandika, na Mzee Haidari akawa anagawa halua bure dukani. Tukashinda matatu kwa mawili. Tukashinda manne kwa matatu. Kila aliponiona, mwenyekiti aliniinulia nyusi, kama kuniambia unaona? Nilichokiona mimi, nyuma ya goli, ni mtu aliyeacha kupasha misuli na wenzake kabla ya mechi ili wasimwone anavyokimbia, aliyefunga bendeji chumbani wa kwanza kabla hawajaingia, na aliyekuwa akiinuka kutoka chini kwa kuukwea mlingoti wa goli kwa mikono. Mabeki walikuwa wameshaanza kumkinga bila ya kusemezana. Walirudi nyuma, wakajazana upande wake wa kulia, na katikati pakawa wazi, na Harbans akawa anakimbia kazi ya watu watatu na kurudi nyumbani hawezi kula. Timu nzima ilikuwa inacheza kwa ajili ya kuficha kitu ambacho kila mtu alikuwa anakiona. Nikimwambia Harbans, ananijibu, "Kidogo tu, Zuhura, imebaki kidogo tu." Mlango wa usajili ulikuwa umeshafungwa. Felix alikuwa ananipigia simu ya nyumba niliyopanga, kwa adabu, kuuliza kama kuna habari.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, kwenye mteremko wetu, na walikuja wale wale wa kwanza, ambao sasa tulikuwa nao sawa kwa pointi. Sare ingetupa ubingwa kwa magoli, maana siku zile tulikuwa tumefunga kuliko watu wote. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Iqbal akafunga kona fupi mbili, wao wakafunga magoli mawili, yote ya chini, yote ya kulia. Zikiwa zimebaki dakika chache refa akawapa kona fupi ambayo haikuwa haki yao. Mpira ulikuwa umegonga kiatu cha mtu wao, si wetu, kwa hiyo kosa lilikuwa lao, hata mimi niliona. Huyo ndiye refa wanayemla nyama mpaka leo. Lakini kona fupi si goli. Kona fupi ina golikipa mbele yake.

Mpira ulikuja chini, kulia. Na Othman, sijui kwa nguvu gani, akautupa ule mguu. Niliusikia. Niko kwenye wavu, hatua chache nyuma yake, na niliusikia mlio ambao haukuwa wa mpira. Akaanguka kifudifudi, mpira ukampita, na wapinzani wakaanza kukumbatiana. Harbans akafika wa kwanza, akapiga magoti kwenye tope. Othman aligeuza uso, mdomo umejaa udongo. "Umeingia?" akauliza.

Nyuma yake vijana kumi na mmoja walikuwa wanaimba. "Haukuingia, kaka," akasema Harbans. "Haukuingia. Lala tu."

Nililia palepale, na sikulia kwa ajili ya kombe.

Nilikwenda hospitali Jumanne, Lewisham, saa ya wageni. Wodi ilikuwa ndefu, madirisha marefu, vitanda vimepangwa kama kambi, na Bi Rukia alinipokea mlangoni na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba daktari amesema goti halitakunjika tena, na watu wa basi wameshaleta habari yao. Othman alikuwa ameegemea mito, mguu umefungwa plasta ngumu mpaka nyonga. Alikuwa anakula chapati iliyoletwa kutoka nyumbani, na alinikatia kipande kabla sijakaa.

"Zuhura, nikuulize kitu," akasema. "Mlikuwa na nafasi moja. Mbona mlimtafuta fowadi?"

Nikakiweka kile kipande cha chapati juu ya shuka.

"Mimi nilidhani mnaona," akasema. "Ile siku nilipokuja kwa mzee, nimetoka Lewisham mpaka Kingsbury na goti hili, nilikuja kusikia jina la golikipa. Nilishapanga na maneno ya kuwashukuru. Usiku uliotangulia nilimwambia Rukia, kesho Inshallah wataniambia nipumzike. Mzee akasema Iqbal. Nikasema basi, hawana mtu mwengine wa kusimama pale."

"Kaka Othman, kwa nini hukusema? Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Ningesemaje? Niwaachie goli tupu, na tuko wa pili? Watu wenyewe wamenivumilia hivi. Niliona muhali."

"Alikuwepo mtu," nikasema. Sauti ilinitoka juu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Kijana wa Kisumu. Alikuwa tayari. Walikuwa wanakuonea muhali wewe!"

Othman akaacha kutafuna. Alinitazama kwa muda, kisha akamtazama Bi Rukia, na Bi Rukia akatazama dirishani. Kabla sijamalizia yaliyobaki moyoni, mlango wa wodi ukafunguliwa akaingia Mzee Haidari, amevaa koti lake la sikukuu, ana kapu la machungwa na sufuria iliyofungwa kitambaa, macho yamemwiva. Alikuja mpaka kitandani, akamshika Othman mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Usiwe na wasiwasi hata kidogo, ndugu yangu," akasema. "Msimu ujao utakuwa umepona. Goli ni lako. Tutakungoja. Hatumpi mtu."

Nikafungua mdomo. Othman aliniona, akanitikisia kichwa, kidogo tu, kisha akamgeukia mzee.

"Ahsante sana, mzee," akasema. "Inshallah."